Uchungu Umeanza Lini

Nesi Shemboza, macho hayajatoka kwenye kadi:
"Uchungu umeanza lini?"
Nami, na Kiswahili changu cha kuokoteza sokoni Hoima,
cha askari na wachuuzi wa samaki,
nilijua uchungu mmoja tu, ule wa ulimi na wa moyo.
Nikamjibu kweli tupu: "Mutukula. Mpakani.
Pale mtandao wetu ulipokatika
na mama alikuwa bado anasema."

Wodi nzima ikacheka. Mwenye tumbo la mapacha
akajishika mbavu, akalia, akacheka tena.
Nesi akauma mdomo. Akaandika:
saa kumi alfajiri.

Bombo, dirisha limekwama wazi.
Wakaniambia leo utajifungua.
Hilo nalo nikaligeuzageuza kinywani kama kokwa.
Kujifungua. Nani alinifunga, na kwa kamba gani?
Ya mkonge labda, maana tangu Korogwe
niliiona dirishani mwa basi, mstari baada ya mstari,
hadi macho yakauma.

Ukatoka saa tano na robo, umekasirika.
"Kabila?" akauliza karani.
Mnyoro, nikasema. Akaandika Mnyiramba.
Nikamwachia. Na Singida nayo ni mahali.

Kwetu mtoto hupokewa na mashangazi.
Hukaa duara, wakakupitisha paja kwa paja,
wakakukagua kama nguo ya mtumba kwenye mwanga:
sikio la nani, kisigino cha nani.
Ndipo upewe empaako, jina la kubembelezea,
moja kati ya yale machache tunayogawana watu wote.
Shangazi zako wako Buliisa.
Baba yako yuko Chongoleani, anaunga mabomba;
bomba lenyewe linaanzia kwetu, linaishia hapa.
Mafuta hayajafika. Wewe umefika.

Basi wakaja wa Barabara ya Kumi na Mbili.
Bi Mwanamkasi na maji yake ya moto,
anakanda kama mtu anayedai deni.
Mama Sikudhani na uji wa pilipili manga
ulionitoa machozi, nikaisingizia pilipili.
Nikawaeleza habari ya mashangazi, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono.
Wakatazamana.
Wakakaa duara jamvini.

"Sikio hili la Zaituni wa Pongwe."
"Zaituni gani! Tazama paji, mama yangu mtupu."
"Gumba hili mie nalijua, la yule fundi cherehani,
Mungu atusitiri," wakaficha nyuso kwenye khanga.
Bi Mwanamkasi hakucheka. Alikushika muda mrefu.
"Nyusi," akasema. "Nyusi za Mwantumu wangu."
Mwantumu aliyekaa siku tisa, mwaka wa mvua kubwa.
Pakawa kimya, hata jiko likasikika.
"Haya, mpe jina lake."

Abwoli, nikasema.
Akalijaribu kama anayeonja chumvi: "Abuuli."
Ndilo.

Ulezi niliupata Mgandini. Nyama ya moshi sikuipata,
tukasongea ugali wetu ng'onda.
Wazee watasamehe. Au hawatasamehe,
lakini tulishiba.

Ukabaki mti. Kwetu hupandwa mti siku ya jina.
Nyumba yenyewe ya kupanga, ua ni saruji,
mwenye nyumba anahesabu hata maji ya kunawa.
Nikanunua mche wa mchungwa uliotoka Muheza,
nikautia kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, mpini mzima.
Nikihama, nabeba.

Sasa una miezi saba na jino moja.
Jana nilitaka kuisogeza ndoo, upate pa kukaa kivulini.
Nikavuta. Haikuja.
Nikachuchumaa, nikachungulia:
mzizi, mwembamba kama uzi wa kushonea,
umetokea tundu la chini
ukaingia kwenye ufa wa saruji.

Sijamwambia mwenye nyumba.